RAM Iliyokatwa kwa Msumeno

Siku Mwalimu Wilibrodi alipoonekana akiingia dukani kwa Mama Eliaichi na bahasha ya kaki kwapani, kisha akatoka mikono mitupu, mji wa Karatu ulianza kumpenda Mama Eliaichi. Watu waliozoea kumpita kama wanapita kisiki sasa walisimama kumjulia hali, yeye na watoto na hata kuku. Mama Winnie, jirani ambaye akikuazima chumvi hununa wiki nzima, alileta mkungu wa ndizi. Mwenye bucha naye akatuma maini, yamefungwa vizuri kwenye gazeti, pamoja na salamu kwamba kijana wake yuko kidato cha nne na baiolojia inamsumbua kidogo.

Mama Eliaichi alipokea ndizi, akapokea maini, akashukuru, na bahasha hakumwonyesha mtu. Kwao Mbulu aliitwa Flaviana Hhando, na baba yake ndiye aliyekuwa akitunza funguo za kanisa. Siri kwake ilikuwa kazi ya ukoo, na Mwalimu Wilibrodi, mkuu wa shule, alilijua hilo.

Ndani ya bahasha mlikuwa na mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, umeandikwa kwa mkono, masomo yote, utakaofanywa na shule kadhaa. Mwalimu Wilibrodi alikuwa amemweleza bila kuzunguka. Jumatatu asubuhi mtihani uwe umechapwa na kudurufiwa. Ukiwa tayari, kazi zote za uchapaji za shule zile zitakuwa zake. Usipokuwa tayari, kazi zitapelekwa Arusha na hazitarudi Karatu. Na swali hata moja likivuja, wasijuane tena.

Bila kazi ile duka lisingefika Krismasi, na Mama Eliaichi alijua. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka 2007. Masika yalikuwa yamechachamaa, barabara ya Loliondo imekatika, loji zimebaki na wapishi wanaopikiana wenyewe. Mumewe Melkizedek, Mmachame, dereva wa watalii, alikuwa anashinda nyumbani akiosha Landrova ambayo haikuwa imeenda popote. Nyumba nzima ilikula kutoka kwenye duka la steshenari lenye mashine moja ya fotokopi iliyochoka na laptop moja ndogo.

Laptop hiyo ilinunuliwa Arusha ikiwa tayari kuukuu, nyeusi, ya kubebeka kwapani kama kitabu cha nyimbo za kanisani. Ukiipa barua ya kuomba kazi au kadi ya mchango wa harusi ilikuwa na adabu zote. Kwenye mtihani ikaonyesha tabia yake. Historia ilipita kwa kusukumwa. Kwenye baiolojia, Mama Eliaichi alipofika kwenye mchoro wa moyo wa binadamu, mashine iliganda. Akaizima, akaiwasha, akaanza upya. Ilipofika kwenye moyo ikaganda tena.

Alimpigia simu Gideon, fundi wa kompyuta wa Arusha. Gideon akamwambia asihangaike, mashine haiumwi, ina njaa tu. RAM yake ni ndogo. RAM, alieleza, ni meza ya kufanyia kazi: makaratasi yote yapo kabatini, lakini meza ikiwa ndogo huwezi kuyatandaza. Atamtumia kubwa zaidi. Kuibadilisha ni jambo la kufungua kifuniko cha chini, skrubu moja tu.

Kabla Mama Eliaichi hajajibu, simu ilikuwa imeshahamia sikioni kwa mumewe.

"Hii niachie mimi," alisema Melkizedek. "Hayo ni mambo ya spea."

*

Melkizedek alikuwa mtu wa spea tangu ujana wake. Landrova yake ilikuwa na rejeta ya lori, pampu ya trekta, na kioo cha mbele kilichochongwa kutoka dirisha la duka, na ilishuka kreta ya Ngorongoro na kupanda bila kulalamika. Madereva wa Karatu wa rika lake wote walikuwa hivyo. Gari likikufia Engaresero, katika jua lile na mgeni anakuangalia, huulizi kama kifaa ulichonacho ni cha gari lako. Unauliza kama una tupa.

Kwa hiyo Gideon alipomwuliza kama anataka RAM ya laptop au ya kompyuta ya mezani, Melkizedek hakuona tofauti ya maana. Alimwambia atume iliyo kubwa kuliko zote. Ijumaa jioni ilifika na basi, imefungwa kwenye bahasha, na Mama Eliaichi alipoiweka karibu na ile ndogo iliyotoka kwenye mashine, akaona imeipita kwa nusu nzima.

"Hii siyo," alisema.

"Ndiyo yenyewe. Imezidi tu."

"Imezidi nusu, Baba Eliaichi."

"Kilichozidi hupunguzwa," alisema Melkizedek. "Kilichopungua ndicho hakina dawa."

Mkewe alimkataza, tena kwa kumnyooshea kidole. Alirudisha RAM ya zamani mahali pake, ile ndefu akaiweka juu ya kabati ili irudishwe kwa Gideon, akapanga kwamba kesho yake akitoka Jumuiya atatafuta namna. Lakini kumkataza Melkizedek kitu chenye skrubu ni sawa na kumkataza fisi kunusa. Jumamosi asubuhi, mkewe alipokuwa bado yuko kwenye rozari, alizitoa zote mbili. Ili apate kipimo sahihi akazibana pamoja kwenye jiriwa, ndefu na fupi, akakaza kama anavyokaza springi za Landrova, akachukua msumeno wa chuma.

Tuseme kweli, aliikata vizuri. Kingo akazilainisha kwa tupa, vumbi la kijani akalipuliza, na kipande kile kikaingia mahali pake kwa kusukumwa kidogo tu. Alipowasha mashine ilipiga kelele moja ndefu na kioo kikabaki cheusi. Melkizedek akakitoa kile kipande, akarudisha RAM ya zamani, akawasha tena. Kelele ileile. Akaitoa na hiyo, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Jiriwa ilikuwa imeipasua toka ncha hata ncha.

Mama Eliaichi aliporudi alimkuta mumewe anaosha Landrova kwa bidii sana huku mvua inanyesha. Hakuhitaji kuuliza. Aliingia ndani, akaona mashine imelala kichalichali, akaona msumeno, akaona vumbi la kijani. Akakaa.

"Ilikuwa imeingia," alisema Melkizedek kutoka mlangoni. "Imeingia kabisa."

Mkewe alichukua simu. Alimpigia Gideon, na simu ya Gideon ilikuwa imezimwa, kwa sababu Gideon ni Msabato, na siku ya Bwana hafungui duka hata kwa rais. Fundi mwingine hakumjua, na kesho yake Jumapili maduka mengine yote ya kompyuta yangekuwa yamefungwa. Basi la Jumatatu lingefika wakati Mwalimu Wilibrodi ameshakuja na kuondoka. Ng'ambo ya barabara alikuwepo Alex na kompyuta zake sita, lakini kila kompyuta ya Alex ilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha nne mbele yake na wawili nyuma yake. Kumpelekea Alex mtihani ule ilikuwa sawa na kuubandika kwenye nguzo ya umeme.

*

Mchana aliingia Sironka, mzee wa Kimasai, kuchaji simu. Alikuwa ametoka Ololosokwan kuuza mbuzi mnadani, barabara ikakatika nyuma yake, na sasa alikuwa analala kwa Moloimet, mlinzi wa loji, akisubiri mvua zipungue. Kila siku alikuja kuchaji simu, akasalimia, akakaa kimya, akashukuru, akaondoka. Siku hiyo alikuja na mfuko wa sandarusi, na ndani ya mfuko mlikuwa na laptop.

Aliitoa akaiweka mezani kwa taratibu, akaeleza habari zake. Aliachiwa na wanafunzi wawili wa Kizungu waliokaa kwake wakihesabu tai. Waliipenda sana nyumba yake, naye aliipenda sana mashine yao, lakini ndama aliipenda zaidi, akaikanyaga. Alitaka kujua kama Karatu kuna fundi wa kioo.

Mama Eliaichi aliiangalia. Nyeusi, ndogo, maandishi yaleyale kwenye mfuniko. Aliigeuza, akafungua ile skrubu moja, na moyo ukamdunda. RAM ilikuwa fupi, ya laptop, na namba iliyoandikwa juu yake ilikuwa kubwa mara mbili ya ile yake iliyopasuka.

Hakutaka kumfanyia ujanja. Alimweleza ukweli wote, kwamba kioo kile hakina fundi wala faida, kwamba ndani ya mashine kuna kitu anachokihitaji kuliko chakula, na kwa nini. Sironka alisikiliza huku ameegemea fimbo yake.

"Kwa hiyo ndama ameshaila," alisema.

"Ameshaila, baba."

"Basi chukua, yeyo, mama yangu. Ng'ombe akishakufa, mwenye njaa hanyimwi nyama."

Mama Eliaichi alitaka kulia kwa furaha. Alikuwa ameshashika bisibisi pale Melkizedek alipoingia. Sasa, Melkizedek alikuwa na aibu tangu asubuhi, na mwanamume mwenye aibu hutafuta haraka mahali pa kuwa mkubwa. Alipoelewa kinachoendelea alitoa pochi, akachomoa noti, akazitupa mezani mbele ya mgeni.

"Yero, shika hizo," alisema. "Nisije nikasikia kesho mnadani kwamba duka langu limekuibia."

Mjini kila mtu huwaita Wamasai yero, na wengi hawajui kwamba kwa Wamasai wenyewe ndivyo anavyoitwa mtoto wa kiume ambaye bado anachunga ndama. Sironka alikuwa na wake wawili na wajukuu. Aliziangalia zile noti.

"Nimempa huyu mama," alisema. "Sikuuza."

"Kila kitu kinauzwa."

"Basi hiki hakiuzwi."

Aliichukua laptop yake taratibu kama alivyoileta, akairudisha kwenye mfuko, akachomoa simu yake ambayo haikuwa imejaa, akamuaga Mama Eliaichi, akaondoka. Noti zilibaki mezani na hakuna aliyezigusa.

*

"Asubuhi umeniulia mashine," alisema Mama Eliaichi. "Mchana umenifukuzia aliyekuja kuifufua."

Melkizedek alijitetea. Alisema alitoa pesa yake mwenyewe, tena nzuri. Akasema mtu akipewa pesa akakasirika, huyo ana lake jambo. Alisema mengine mengi, na kila alipomaliza moja alimwangalia mkewe, na mkewe alikuwa anakusanya makaratasi ya Mwalimu Wilibrodi moja moja, anayapanga, anayarudisha kwenye bahasha. Alivyokuwa anayarudisha polepole vile, Melkizedek aliona duka limefungwa. Akajiona yeye mwenyewe anaosha Landrova mpaka rangi itoke.

Akatoka nje. Kwenye uzio kulikuwa na masale aliyoyaleta mwenyewe kutoka Machame alipojenga. Mchaga akimkosea mwenziwe huchuma jani la sale, hulifunga fundo, humpelekea, na mwenye kupelekewa lazima asamehe hata kama damu imemwagika. Jani hilo lilikuwa limemfaa sana Melkizedek katika ndoa. Tangu alipomwoa Flaviana hakuwahi kutamka neno nisamehe. Akikosa huchuma jani, huliweka karibu na sahani ya mkewe, halafu huenda zake kuangalia gari. Mama Eliaichi, Mmbulu wa watu, aliambiwa maana yake mwaka wa kwanza na tangu hapo alilipokea.

Mumewe aliporudi na jani lililofungwa fundo, hakulinyooshea hata mkono.

"Siyo kwangu," alisema. "Kwangu kutakuwa na siku yake. Kampelekee mwenyewe."

*

Walimkuta Sironka nje ya chumba cha Moloimet, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mbuzi mmoja aliyekosa mnunuzi amefungwa karibu yake. Mlima Oldeani ulikuwa umezama kwenye mawingu. Sironka aliitikia salamu ya Mama Eliaichi vizuri, ya mumewe akaiitikia kwa kifupi.

Melkizedek alilinyoosha jani kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, kama alivyomwona babu yake akifanya. Akangoja.

Sironka akalipokea. Akaligeuza. Akafungua lile fundo kidogo kuona kama kuna kitu ndani, hakuna. Akalinusa. Mwishowe akampelekea mbuzi mdomoni, na mbuzi naye akanusa, akageuza uso.

"Mbuzi hali," alisema Sironka. "Hili ni la nini?"

Melkizedek alimwangalia mkewe amsaidie. Mama Eliaichi alikuwa anautazama mlima Oldeani, ambao siku hiyo haukuonekana hata kidogo.

"Kwetu Machame," alianza Melkizedek, "mtu akileta hilo, linajulikana."

"Linajulikana nini?"

"Linasema lenyewe."

Sironka aliliweka jani sikioni. Hakuwa anafanya mzaha, au kama alikuwa anafanya, uso wake haukusema. "Kimaa chetu halijui," alisema. "Lisemee wewe."

Mvua ilikuwa imekatika na watoto wa jirani walikuwa wamesogea kuangalia. Melkizedek, mzee wa usharika, mtu aliyewahi kuwaendesha mabalozi, alifungua mdomo akaufunga. Neno lilikuwa pale kooni, limekaa miaka yote hiyo bila kutumika, na kama kila kitu kinachokaa bila kutumika lilikuwa limeshika kutu.

"Linasema nimekosa," alisema.

"Nani?"

"Mimi. Nimekosa." Alipumua. "Ulikuja kwangu na wema, nikakudharau mbele ya mke wangu. Nikakuita jina la mtoto. Nisamehe, mzee mwenzangu."

Mama Eliaichi aliusahau mlima. Hakuwahi kuisikia sauti ile ya mumewe, na hakujua afurahi au amwonee wivu Mmasai.

Sironka aliinama, akang'oa nyasi kidogo miguuni pake, akampa Melkizedek. "Sisi kwetu ni nyasi," alisema. "Lakini hata nyasi husemewa. Yamekwisha."

Aliingia chumbani akatoka na ule mfuko wa sandarusi. Melkizedek, mkono wake ulienda mfukoni kwa mazoea, akauwahi, akaurudisha. Sironka aliona, akacheka kwa mara ya kwanza.

"Ungenilipa tungekuwa tumemalizana," alisema. "Mimi sikutaka tumalizane. Kwetu nikikupa ng'ombe, sikuiti tena jina lako. Nakuita Pakiteng, na wewe unaniita Pakiteng, mpaka tufe. Nikikupa kondoo, Pakerr. Kitu hiki mnakiitaje?"

"RAM," alisema Mama Eliaichi.

Sironka alifikiri. "Basi, Paramu."

Akasubiri, mfuko mkononi. Watoto wakasubiri. Melkizedek aliangalia kulia na kushoto kama kuna mtu wa usharika anapita.

"Paramu," aliitikia.

"Sauti haitoki."

"Paramu," alisema Melkizedek kwa sauti ya kusikika mnadani, na watoto wakaipokea, wakaenda nayo mtaa mzima.

*

RAM aliiweka Mama Eliaichi mwenyewe. Mumewe aliruhusiwa kushika skrubu, basi, na aliishika kwa heshima. Mashine ikawaka kimya. Historia ilikuwepo yote, salama. Mama Eliaichi alifungua baiolojia, akafika kwenye moyo wa binadamu, akabonyeza, na moyo ukajitandaza kwenye kioo na vyumba vyake vyote vinne. Alishangilia kama timu imefunga goli. Jumapili nzima fotokopi ilikuwa inakohoa na Melkizedek anabana karatasi kwa pini, akiwa amefunga macho nusu ili asione maswali.

Jumatatu Mwalimu Wilibrodi alifika, akahesabu bahasha, akakagua kurasa, akaurudia ule mchoro wa moyo akasema Arusha wenyewe wasingeutoa hivyo. Akaacha kazi nyingine juu ya meza. Siku mtihani ulipofanyika, Winnie akakuta maswali yasiyoijua ndizi hata moja, na mama yake akarudi kununa kama zamani, jambo ambalo lilimpumzisha Mama Eliaichi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumatatu ile, mwalimu alipoondoka, Mama Eliaichi alikwenda jikoni akapakua makande. Aliporudi mezani alikuta jani la sale karibu na sahani yake, limefungwa fundo zuri. Melkizedek alikuwa ameshafika mlangoni, anaelekea kuangalia gari.

Mkewe alilichukua. Akaligeuza upande huu na upande ule. Akalinusa.

"Baba Eliaichi," aliita. "Hili ni la nini?"

Melkizedek aligeuka akicheka. "Mama Eliaichi, hilo unalijua tangu tumeoana."

"Nilikuwa nalijua. Nimesahau. Mimi ni Mmbulu."

Alicheka tena, kidogo zaidi, akimngoja mkewe naye acheke. Mkewe hakucheka. Alikuwa ameliweka jani sikioni na anamwangalia, na macho yake yalikuwa na machozi, ila hayakuwa na huruma. Melkizedek akarudi kutoka kizingitini, akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Nimekosa, Flaviana," alisema. "Ulinikataza, nikakata."

Flaviana alivuta sahani yake karibu, akachukua kijiko.

"Endelea," alisema.